Kizibo cha jino kikitoka, usiisingizie kashata

Kila mtu ambaye kizibo cha jino lake kimewahi kutoka ana chakula anachokishitaki. Huyu atakwambia kashata, yule hindi la kuchoma, mwingine kokoto aliyokutana nayo kwenye wali wa shughuli. Changu kilitoka nikila ndizi mbivu, na ndizi mbivu haina ubavu wa kung'oa chochote. Ndipo nikaanza kumhoji daktari wangu wa meno, na tangu hapo sipandi kile kiti bila maswali. Kokoto nakubali, inaweza kupasua hata jino zima. Lakini mara nyingi kizibo kinachoanguka leo kilishalegea zamani, chakula kimemalizia tu. Usipojua kilicholegeza, utazibwa tena na kitatoka tena.

Sababu kubwa ni jino kuoza upya chini ya kizibo. Mahali kizibo kinapokutana na jino pana ukingo mwembamba, na hapo ndipo uchafu unapokaa na bakteria wanapopata nafasi. Wanakula sukari uliyokula wewe, wanatoa asidi, asidi inalainisha jino kidogo kidogo. Kizibo chenyewe kinabaki kizima, ila ukuta uliokishika umeoza. Daktari alinipa kioo nitazame langu: ndani palikuwa na kahawia iliyokolea, na alipokwangua kwa kifaa chake chenye ncha ya kijiko, sehemu ile ilitoka laini, bila kelele wala maumivu. Jino zima halikwanguliki hivyo. Wapo wanaodhani jino likishazibwa haliozi tena, na hao ndio wanaorudi mapema. Chai ya sukari inayonywewa taratibu asubuhi nzima, au soda ya kuonjaonja mezani kazini, inaliumiza jino kuliko kitu kitamu unachokula mara moja ukamaliza.

Sababu ya pili ni mate, na hii inatokea palepale kwenye kiti. Zile dawa nyeupe za kuzibia zinazofanana na rangi ya jino, ziitwazo kompoziti, hazishiki jino lenye unyevu. Daktari anapaka asidi kidogo ili uso wa jino ukwaruzike, anasuuza, anakausha, anapaka gundi yake, anaweka kompoziti tabaka kwa tabaka na kuigandisha kwa taa ya bluu. Mate yakiingia katikati ya hatua hizo, au taa ikiwa dhaifu, utatoka mlangoni na kizibo kinachong'aa lakini hakijashika sawasawa. Zile pamba shavuni na kibomba cha kunyonya mate vina kazi, vivumilie. Kama una la kusema, lisemwe kabla. Ukifunga mdomo katikati ili ujibu simu au uulize bei, umeharibu kazi yako mwenyewe.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, haisumbuliwi sana na unyevu, lakini kwa kawaida haijigandishi kwenye jino. Inashikwa na umbo la tundu, ambalo huchongwa pana ndani na jembamba mdomoni, kwa hiyo ukuta wa jino ukivunjika nayo inaondoka. Tena ina zebaki, na Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi yake, ndiyo maana kliniki nyingi zinaiacha. Aina ya tatu ya kizibo ni ionoma ya glasi. Hii inashikana na jino yenyewe na inatoa floraidi, ila haina nguvu kama hizo mbili kwenye gego linalotafuna sana. Inanifurahisha kwamba mbinu ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya umeme, ambayo siku hizi hutumia ionoma, ilianzia hapa kwetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, alipokuwapo mtaalamu wa Kiholanzi Jo Frencken, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Leo inatumika duniani kote, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza ionoma ya glasi kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kisha kuna kizibo cha muda, chanzo cha lawama nyingi zisizo za haki. Mtu anawekewa simenti ya muda jino litulie, anaambiwa arudi, maumivu yanaisha, harudi. Simenti ile haikutengenezwa ikae miezi. Nyingi huchanganywa na yujenoli, mafuta yaleyale yanayopatikana kwenye karafuu, na ndiyo maana kliniki ya meno inanukia kama ghala la Pemba. Yujenoli inatuliza jino, lakini inazuia kompoziti isigande vizuri. Kwa hiyo kama umekuwa ukitia mafuta ya karafuu tunduni nyumbani, mwambie daktari kabla hajaanza. Hatakucheka, wengi wetu tumetia.

Wanaosaga meno usiku nao wana shida yao. Kwetu mtoto akisaga meno wanasema ana minyoo. Mtu mzima akisaga, mwenza wake ndiye anayejua. Nguvu ile inapasua vizibo na meno yenyewe. Dalili ni taya kuchoka asubuhi na magego kuwa bapa. Kipo kifaa cha plastiki cha kuvaa wakati wa kulala, kinachopimwa kwa meno yako, na kwa watu hawa kuziba bila hicho kifaa ni kupoteza hela. Halafu kuna jino ambalo limebaki kidogo mno, kuta nyembamba na kizibo kikubwa katikati. Hilo halitaki kuzibwa tena, linataka kuvikwa kofia ya kulifunika lote. Bei ni kubwa, sikatai, lakini jumlisha na gharama za kuziba kila mara kisha ulinganishe.

Sasa kimetoka, na leo ni Jumamosi jioni. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Piga mswaki taratibu pamoja na tundu lenyewe, maana chakula kikibaki mle ndicho kitakachokuumiza. Tafunia upande wa pili, na vitu vya moto sana, baridi sana au vitamu viache kwanza. Maumivu yakizidi, meza panadoli kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini usiiweke juu ya fizi, inaunguza. Imezwe au iachwe. Baadhi ya maduka makubwa ya dawa huuza simenti ya muda ya kujiwekea. Gundi ya kubandikia viatu isikaribie mdomo wako, hata kama jirani anaapa ilimsaidia. Kipande kilichotoka kitunze umwoneshe daktari. Ukikimeza usihangaike, kitatoka chooni. Ila kama kilikupalia na kikohozi hakikati, nenda hospitali.

Lisipouma, usijidanganye kwamba kuna muda. Ndani ya tundu ni sehemu laini ya jino, na inaoza haraka kuliko gamba la nje. Jitahidi umwone daktari ndani ya siku chache. Maumivu yanayobaki muda mrefu baada ya kunywa kitu cha moto, au yanayokuamsha usiku, yanaashiria kwamba mshipa wa ndani umeguswa, na huenda mkahitaji kutibu mzizi. Uso ukivimba, homa ikapanda, mdomo ukagoma kufunguka au kumeza kukawa shida, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu.

Ukifika, uliza kabla ya ganzi: kimetoka kwa nini? Je, tupige picha ya eksirei kwanza tuone kama kuoza kumefika kwenye mshipa? Hiki unachoweka ni cha muda au cha kudumu, na naruhusiwa kutafuna lini? Amalgamu, kwa mfano, inahitaji kama siku nzima kukomaa, kompoziti hutoka kwenye taa ikiwa imeshaganda. Mwishoni utapewa kile kikaratasi cha rangi uume na kusaga ili aone panapogonga. Shida ni kwamba una ganzi, unauma upande na kusema pako sawa. Ganzi ikiisha ukahisi jino hilo linafika la kwanza kuliko mengine, rudi wakapunguze. Kliniki nyingi hufanya hivyo bila malipo na ni kazi ya dakika chache, wakati kizibo kirefu kikiachwa hupigwa kila unapotafuna, jino likauma, na kizibo kikapasuka.