Nani akuombee ukivuka kwenda Ukerewe

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu. Umeuliza uwachague nani wawaombee mkienda kuhubiri Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, maana kanisa zima limeshasema "tutawaombea". Hapo ndipo penye mtego: wakiitikia wote, mara nyingi haombi mtu.

Tafuta watano au sita tu, na usikimbilie wenye sauti kubwa. Mimi nilipokwenda visiwani, aliyenibeba ni mama muuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Majina yetu aliyaandika nyuma ya daftari la madeni, na kila alfajiri aliyapitia kwa kidole, moja moja. Hata Musa pale Refidimu, alipochoka kuinua mikono Israeli wakipigana na Amaleki, walimshika mikono wawili tu, Haruni na Huri (Kutoka 17).

Kila utakayemchagua awe mtunza siri. Utamtumia mambo mazito: mwenzenu kashikwa malaria, au mmegombana kwa ajili ya nauli (mtagombana tu).

Wape na tarehe, hasa siku ya kupanda meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe. Mtandao ukisumbua huko, meseji ya kawaida kwa mmoja wao inatosha, yeye awaambie wengine. Mkirudi, wasimulie wao kwanza kabla hujasimama kanisani Jumapili.