Miaka mbili imefika, maneno bado: mama wa Kadutu anauliza

SWALI

Jambo sana wapendwa. Niko mama wa hapa Bukavu, Kadutu, niko na mutoto mwanaume wa miaka mbili na miezi mbili, njo wangu wa kwanza. Anatembea, anakula, anacheza muzuri, lakini kusema njo shida. Anasema "mama", anasema "mai" akiwa na kiu, anasema "tata" juu ya baba yake, basi. Ingine yote ni kunivuta kitenge mupaka kwa kabati na kunionyesha na kidole. Mutoto wa jirani, binti, walizaliwa mwezi moja, ule anasema na anaimba. Mama mukwe wangu anasema niache kuhangaika, eti hata bwana yangu alisema kisha miaka tatu. Jirani anasema ulimi umefungwa, kuko mama fulani kwa kartie anakataka ile kamba ya chini ya ulimi, nimupeleke. Bwana yangu naye iko kazini Kamituga, kwa telefone ananiambia niache kumusemesha Mashi, nimusemeshe Kifaransa tu juu luga mingi njo zinamuchanganya. Mimi nikienda soko mutoto anabaki na mudogo wangu, anamuwekea katuni kwa telefone ili anyamaze. Sasa nifuate ya nani? Silale muzuri.

Mama wa mutoto moja, Kadutu

JIBU

Mama, jambo, na pole kwa hizo usiku. Nianze na kile kidole. Mtoto anayekuvuta kitenge mpaka kabatini, anakuonyesha kitu, kisha anageuka kukuangalia usoni kama umeelewa, huyo tayari anajua kuambia mtu jambo hata kama maneno hayajakuja. Hiyo ni alama nzuri sana na sitaki uisahau ukiwa unaogopa.

Lakini kungoja, hapana. Kwa miaka miwili tunategemea mtoto aanze kushikanisha maneno mawili, "mama kuya", "leta mai", "tata alienda", na mwenye miaka miwili na miezi miwili mwenye maneno matatu tu anatakiwa aangaliwe na munganga. Kwa heshima yote kwa mama mkwe wako, hasemi uongo, kuko familia ambazo watoto wanachelewa na wengi wao wanafika wenyewe, wavulana pia mara nyingi wanakuja nyuma ya wasichana kidogo, shida ni kwamba hakuna mtu anaweza kumuangalia mtoto akiwa amekaa pale na kujua huyu ni wa kufika mwenyewe ao ni wa kusaidiwa. Na kama shida iko kwa masikio, kila mwezi wa kungoja ni mwezi ambao mtoto hasikii zile anapashwa kujifunza.

Masikio njo ya kwanza, mbele ya kitu chochote. Wazazi wengi wananiambia "anasikia, mlango ukigonga anashtuka, pikipiki ikipita anakimbia kuangalia". Sawa, lakini mlango na pikipiki ni makelele makubwa. Mtoto anaweza kusikia hizo na asisikie vizuri "s" na "f" na "t" za mtu anayesema polepole, na hapo neno linamfikia nusu nusu. Mafua ya kurudi rudi yanaweza kuacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, bila usaha, bila maumivu, bila mtoto kulia, na kwa hapa kwetu penye mvua na baridi watoto wako na mafua mara mingi. Kuna tena mambo mazito zaidi: meninjite, malaria kali iliyofika kwa kichwa, macho ya njano sana alipozaliwa, ao sindano za jentamisini alizochomwa akiwa mdogo. Kama mojawapo ilimpata, umwambie munganga hata asipokuuliza.

Nyumbani fanya hivi kwanza. Ngoja akiwa anacheza ametulia, simama nyuma yake asikuone, itia jina lake kwa sauti ya chini. Siku ingine, mikono yako ikiwa chini kabisa, bila kuonyesha, bila kuangalia kile kitu, mwambie "leta kiatu". Watoto wanajua kusoma mikono na macho yetu kuliko tunavyofikiri, njo maana nasema mikono chini. Akigeuka na akileta kiatu, umepata habari nzuri, ila bado utaenda kumpimisha, juu kipimo cha nyumbani hakionyeshi sikio linalosikia nusu. Beba fishi yake ya chanjo, enda sentre ya afya, omba waangalie ndani ya masikio na taa, na omba transferi kwa munganga wa masikio kwenye hospitali kubwa. Wakikurudisha na "atasema tu", rudi tena ama enda pengine. Mama anayesema kuna kitu hakiendi na mtoto wake anapashwa kusikilizwa.

Sasa ulimi. Usimpeleke kwa yule mama. Nakuomba kabisa. Ile kamba ikiwa fupi sana inaweza kusumbua mtoto kunyonya, na baadaye pengine kutoa sauti fulani kama "l" ao "r", lakini haimzuizi mtoto kuwa na maneno wala kuelewa. Na angalia mwenyewe: mtoto wako anasema "tata". Jaribu kusema "t" sasa hivi, utasikia ncha ya ulimi inapanda inagusa nyuma ya meno. Yake inafika! Wembe wa kwa kartie unaleta damu isiyosimama, maambukizo, hepatite, ukimwi, na mtoto anarudi nyumbani na kidonda na maneno yake ni yale yale matatu. Vilevile wakikuambia wamkate kimio, kataa. Ukitaka ulimi uangaliwe, yule yule munganga wa masikio anauangalia siku hiyo hiyo.

Kwa bwana yako: luga mingi hazicheleweshi mtoto. Bukavu watoto wangapi wanajifunza Mashi kwa koko (bibi yao), Swahili kwa barabara na Kifaransa kwa masomo, na wanasema zote? Mtoto wa luga mbili tatu unahesabu maneno yake yote pamoja, ya Mashi na ya Swahili, hauhesabu ya luga moja. Ubaya wa shauri la baba ni huu, kama Kifaransa haikutoki haraka utaanza kusema kidogo kidogo, sentensi fupi za amri, "viens, assieds-toi", halafu unanyamaza, na mtoto anabaki na maneno machache zaidi kuliko mbele. Msemeshe luga ile unachekea na unagombania. Na baba naye akipiga simu aombe kuongea na mtoto, amuulize, angojee, hata jibu likiwa ni kupumua tu kwenye telefone.

Katuni. OMS, shirika la afya la dunia, mwaka 2019 iliandika kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiangalie ekra, na wa miaka miwili mpaka mine isipite saa moja kwa siku, kidogo zaidi ni vizuri zaidi. Simlaumu mdogo wako, kubaki na mtoto mchana mzima ni kazi, lakini katuni inasema yenyewe bila kungojea mtoto ajibu, hata akikosea haijui. Mpe kazi ingine ya kufanya naye. Mkichambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mtoto akae karibu na beseni, umpe moja mkononi: "sambaza. Sambaza kadogo. Macho iko wapi? Eeh, macho!" Akisema "mai", wewe ongeza kidogo tu, "mai ya baridi", "mai imeisha", kisha nyamaza, muangalie, ngoja. Kungoja ni kugumu kwetu wakubwa, tunajibu kwa niaba yake mbele hajafungua kinywa, na kama umeshajua anataka nini kwa kabati basi unampa tu. Shika vitu viwili, "ndizi ao mkate?", na umpe hata akionyesha na kidole, wewe ndiwe uliseme neno. Usimnyime maji mpaka aseme, hiyo inamfanya aogope kusema.

Kama siku moja anaacha maneno aliyokuwa nayo, ao hakuangalii tena usoni, haitiki jina lake, haelewi hata vitu vidogo, usingojee randevu, umpeleke wiki hiyo hiyo.

SWALI

Binti yangu ana miaka tatu na nusu, alikuwa anasema muzuri sana, sasa tangu wiki chache anarudia rudia, "mi-mi-mi-mimi nataka". Bibi anasema ni woga wa masasi. Nimukataze?

Baba, Himbi, Goma

JIBU

Papa, usimkataze na usimwambie "sema polepole" wala kumalizia maneno yake. Kati ya miaka miwili na minne kigugumizi kinaanzaka kwa watoto wengi wakati maneno yanakuja mengi kwa mara moja, na kwa walio wengi kinaisha. Mara mingi kinapita katika ukoo, kwa hiyo uliza kama kuna mjomba ao shangazi aliyekuwa nacho. Woga na usingizi mbaya vinaweza kukiongeza, bibi ana sehemu ya haki hapo, kwa hiyo alale karibu na nyinyi na aamke saa zile zile kila siku. Wewe ndiye upunguze mbio ya kusema ukiwa naye, ukae chini urefu wake, usikilize anachosema. Ukiona anakaza shingo, anafunga macho, anaanza kukataa kuongea na watu, ao miezi sita imepita bado iko vile, mpeleke kwa pediatre.