Kocha mpya, funga mdomo kwanza

Juzi tena nimemsikia kijana mmoja, leseni kaipata majuzi tu, anamsema kipa wake redioni utadhani aliyepanga kikosi ni jirani. Wadogo zangu, mtatuua kwa presha. Someni maisha ya John Toshack, yule Mwelsi mrefu wa Cardiff aliyekuwa akimshushia Kevin Keegan mipira ya kichwa pale Liverpool.

1. Timu ndogo si adhabu. Machi 1978 alipewa Swansea akiwa na miaka 28, kocha na mchezaji humohumo, timu ipo Daraja la Nne. Agosti 1981 ipo Daraja la Kwanza, ndiyo ligi ya juu kabisa ya England enzi hizo, mechi ya ufunguzi wakampiga Leeds 5-1, msimu wakamaliza nafasi ya 6. Nyie mkipewa timu ya mtaa, swali la kwanza ni posho. Ulizeni, sawa, ila koni ziwe zimeshapangwa.

2. Jifunze lugha ya wachezaji wako. Basi.

3. Mdomo. Hapa tukae kidogo. Toshack aliipa Real Madrid ubingwa wa Hispania 1990 kwa mabao 107, Hugo Sánchez peke yake 38. Novemba ya mwaka huohuo wakamtimua. Wakamrudisha 1999, na safari hii timu inavuja mabao. Akaenda kumsema kipa wake, Albano Bizzarri, magazetini. Rais Lorenzo Sanz akamtaka afute kauli. Akajibu kuwa ni rahisi zaidi kuona nguruwe akiruka juu ya Bernabéu, uwanja wa Real Madrid. Tulicheka sana, lakini yeye alifukuzwa. Vicente del Bosque akachukua wachezaji walewale, na Mei 2000 wakaifunga Valencia 3-0 Paris, mabingwa wa Ulaya. Golini alikuwa Iker Casillas, mtoto ambaye Toshack mwenyewe ndiye aliyempa mechi ya kwanza Septemba 1999! Dawa alikuwa nayo benchi, akaenda kugombana na ugonjwa gazetini. Mimi niliwahi kumtaja beki wangu hadharani. Mazoezi yaliyofuata kila mpira alioupata aliurudisha kwa kipa, na sikuwa na uso wa kumkaripia.

4. Chezesha watoto, hata kama matunda atakula mwingine. Mei 2006 alimwingiza Gareth Bale timu ya taifa ya Wales akiwa na miaka 16. Kufuzu mashindano makubwa hakufuzu, alizomewa, akaondoka 2010. Nusu fainali ya Euro 2016 aliifikia kocha mwingine, Chris Coleman, akiwa na Bale huyohuyo.

5. Kwenye mkataba, soma kifungu cha kuvunja kabla ya kile cha mshahara. Toshack alitwaa ubingwa wa Moroko 2015 akiwa na Wydad Casablanca. Septemba 2016, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Zamalek wakampiga 4-0, akaondolewa kabla ya marudiano. Marudiano Wydad walishinda 5-2, na bado wakatoka.