Sanduku la maoni halitoshi kwenye kliniki ya afya ya akili

Swali la wiki liliuliza: maoni ya wananchi yanawezaje kuboresha huduma za mchana za afya ya akili katika jamii? Nalijibu nikiangalia kliniki za hospitali za wilaya na vituo vya afya Tanzania, ambako mgonjwa huja asubuhi, huonwa, huchukua dawa na kurudi kwake.

Yanaweza, ila si kwa lile sanduku la mbao. Mara nyingi limetundikwa mapokezi, mbele ya muuguzi yule yule anayelalamikiwa, na ufunguo unakaa kwa mganga mfawidhi. Halafu linamtaka mtu aandike. Dawa za akili zenyewe ni kikwazo: haloperidoli inaweza kumtetemesha mtu mikono, klopromazini ikamlewesha usingizi. Kubwa zaidi ni hofu. Mgonjwa wa malaria akilalamika, amelalamika. Wa akili akilalamika, anahofia kuambiwa ugonjwa umerudi na kuongezewa dozi. Basi anaandika "huduma nzuri, Mungu awabariki" na kwenda zake.

Mkutano wa hadhara nao una kasoro zake. Uitishe kijijini bila wagonjwa, usishangae ukiambiwa kliniki izungushiwe uzio au ihamishwe. Ni maoni ya umma, kweli, lakini ya watu wasioitumia. Ndugu wasikilizwe kando: wao watataja nauli na usiku wa kukesha, wakati mgonjwa mwenyewe angetaka kusema jinsi jina lake linavyopaazwa dirishani mpaka foleni nzima inageuka kumtazama.

Anayefaa kuuliza ni mtu aliyewahi kutibiwa na sasa ametulia. Alipwe posho kama wengine (soda na ahsante si malipo), na asivae koti jeupe. Akae mbali na dirisha la dawa, awahoji watu wakishachukua dawa zao, maana kabla ya hapo wanaogopa kunyimwa. Kwa kituo kidogo, watu 30 kila robo mwaka wanatosha. Amchukue kila wa tano anayetoka, asichague wachangamfu. Maswali yawe matatu tu: Dawa ulizoandikiwa umepata zote, na ipi imekosekana? Umefika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi? Kuna jambo lolote linalokufanya usitake kurudi? Swali la "umeridhika?" liachwe, kwani jibu lake linajulikana.

Jina la dawa liandikwe. "Dawa hakuna" haimsaidii yeyote, lakini "sindano ya flufenazini ilikosekana Jumatano mbili mfululizo" inaweza kulinganishwa na leja ya stoo. Wengi huchomwa sindano hiyo, inayozuia ugonjwa kurudi, takriban kila wiki nne. Ikikosekana siku ya zamu yake, mtu anakaa bila kinga, anaumwa upya, kisha faili linasema "hafuati matibabu".

Waliokwisha kuacha kuja ndio wenye majibu mazito, na foleni haina habari zao. Chambua rejista, toa majina ya waliopitisha tarehe kwa miezi miwili, mhudumu wa afya ngazi ya jamii awatembelee bila kutangaza langoni anatoka kliniki gani.

Madai ya kupigwa, kufungwa au kudhalilishwa hayasubiri kujumlishwa. Yapelekwe siku hiyo hiyo kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii.

Yaliyobaki yagawanywe kwa anayeweza kuyatatua. Namna ya kuita wagonjwa hubadilika wiki ijayo bila shilingi moja. Mabenchi, pazia la chumba cha ushauri au vifaa vya kazi za mikono vipelekwe kamati ya usimamizi ya kituo, kwa kuwa tangu 2017/18 vituo hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao. Upungufu wa muuguzi ni wa halmashauri. Majibu yabandikwe ukutani, pamoja na yaliyokataliwa na sababu yake. Wasipoona jibu, robo inayofuata watanyamaza.

Na tarehe zizingatiwe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Maoni yaliyokusanywa Mei yatakuta bajeti imeshafungwa. Yakusanywe Agosti hadi Oktoba.