Binti yangu ananiita "mama wa Mtwara"

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 53 na ni msimamizi wa ghala la korosho hapa Mtwara. Kazi hii niliianza nikiwa karani wa mzani katika msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi na hulipwa ukishauzwa mnadani, ulipoanza kutumika kwenye zao letu, na baba wa watoto wangu alipofariki miaka miwili baadaye nilijiona sina njia nyingine ila kuing'ang'ania. Mwanangu wa kiume alikuwa shule ya bweni. Binti, aliyekuwa na miaka minane, nilimpeleka Newala kwa mdogo wangu akae msimu mmoja tu, lakini msimu ukazaa msimu, nikapanda cheo mara tatu, naye akakulia huko huko.

Desemba 2013 alichezwa unyago. Niliahidi kufika siku ya kutoka, lakini malori ya mnunuzi yalikuwa yamepanga foleni getini yakisubiri kupakia mzigo wa bandarini, nami nikabaki nikihesabu magunia hadi usiku. Aliyempokea mwanangu ni mama yake mdogo. Doti ya khanga niliyomnunulia kwa siku ile bado iko kabatini, haijakatwa.

Sasa ni muuguzi mkoani Lindi, ameolewa, na anatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa Novemba. Majuzi alinipigia simu kunijulisha kwamba atakwenda kujifungulia nyumbani kwa mama, yaani Newala. Mtu aliyekuwa karibu naye akamwuliza anazungumza na nani, akajibu, "Ni mama wa Mtwara." Sikupata usingizi usiku ule. Nafikiria kuacha kazi sasa, nimjengee nyumba kwa mafao yangu na kumwomba msamaha. Je, nimechelewa?

Msomaji, Mtwara

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kitu kimoja kimenisumbua kuliko vingine: umenieleza malori, foleni na magunia ya siku ile, lakini hukuniandikia hata neno moja alilolisema mwanao ulipokutana naye baadaye. Huenda hukumwuliza. Kama ndivyo, hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla ya hapo, nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyachanganya. Mjane mwenye watoto wawili anayempeleka mmoja kwa ndugu yake ili aweze kulipa ada na kodi ya nyumba hajatenda kosa, na sitaki ulibebe hilo kama kosa. Lakini kati ya mwaka ule wa msiba na Desemba 2013 ulipanda vyeo, na nadhani ulifika wakati ambapo ungeweza kumrudisha binti na hukumrudisha, kwa sababu kazi ilikuwa imekuzoea nawe ukaizoea. Wewe peke yako ndiwe unayejua wakati huo ulikuwa lini. Utakapozungumza na mwanao, usimweleze miaka yote kwa sababu ya ile ya kwanza, kwani watoto waliokulia mbali huwa na kumbukumbu kali sana ya tarehe.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nililelewa na bibi, Lindi mjini, mama akifanya kazi Nachingwea. Alipokuja kututembelea sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilikimbia ndani nikamletea kile kiti cha kukunja tulichowawekea wageni, nikakifuta vumbi kwa upindo wa gauni langu, nikamkaribisha. Alikikalia, akanitazama kwa muda mrefu, na mimi sikuelewa nilichomfanyia. Binti yako aliposema "mama wa Mtwara" hakukutukana. Alikupa kiti cha mgeni, kwa adabu aliyofundishwa na mdogo wako.

Kwa hiyo usiache kazi kwa ajili ya neno hilo. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, na mtu anayeondoka kabla hata ya hiyo 55 anapaswa kwanza kukaa na watu wa mfuko wake wa pensheni ajue atakachopata na lini. Nyumba nayo iache kabisa. Kwa miaka mingi umekuwa ukimtumia vitu mahali ambapo yeye alikuwa akikungoja wewe, na nyumba itakuwa kifurushi kingine, kikubwa kuliko vyote, ambacho atalazimika kukushukuru nacho huku moyo wake ukiwa palepale.

Unachohitaji ni Novemba. Naelewa vizuri ninachokuomba, maana Novemba minada imepamba moto, kila wiki mzigo unaingia kutoka vyama vya msingi vya ushirika na lazima upimwe unyevu na kupangwa daraja, na mkulima wa Tandahimba hatalipwa kama ghalani kumelala. Hata hivyo sheria ya ajira inakupa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo kwa malipo, na nina hakika kwamba hujawahi kuiomba wakati wa msimu. Mwajiri ana mamlaka ya kupanga ni lini uichukue, ndiyo maana usingoje hadi Oktoba. Omba mapema, kwa maandishi, ukitaja jina la msaidizi utakayekuwa umemfundisha kushika funguo na vitabu, na uanze kumfundisha sasa, wakati wakulima bado wanapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Kisha mpigie simu mdogo wako kabla ya kumpigia binti. Huyu ndiye aliyesimama siku ya kutoka, na sasa binti anarudi kwake kwa haki. Mwombe ruhusa ya kuja kumsaidia, kwa maneno hayo hayo, na akikukubalia uende ukijua kwamba mwenye nyumba ni yeye. Newala unaifahamu, maji hayapatikani kirahisi kama huko pwani. Basi amka alfajiri uhakikishe mapipa yana maji, pika uji wa mzazi, fua nepi, na unapoona mtoto anaogeshwa tofauti na ulivyozoea wewe, nyamaza. Siku 28 hazitafika arobaini. Mwambie binti tangu mwanzo tarehe utakayoondoka na tarehe utakayorudi kwa ajili ya arobaini, na kama huna hakika na hiyo ya pili, usiitaje, kwa sababu ahadi moja ya Desemba ilikwisha kumtosha.

Msamaha usiuombe mkiwa wote mnangoja uchungu, wala siku za kwanza akiwa kitandani, kwa maana mzazi aliyechoka atakwambia "yameisha, mama" ili apumzike. Ngoja siku mtakapokuwa wawili tu, mtoto amelala. Mtolee ile doti, umwambie ilinunuliwa lini na kwa nini haikufika, bila kuyataja malori zaidi ya mara moja. Kisha mwulize siku ile ilikuwaje kwake: alisimama wapi, alikutafuta kwa macho au alikuwa amekwisha kukata tamaa. Msikilize hadi mwisho, hata akitoa jambo ambalo hukulijua. Huenda akaipokea khanga akaikata hapo hapo ambebee mtoto, huenda akaikunja akaiweka kando bila kusema kitu. Vyovyote atakavyofanya, kesho yake asubuhi nenda ukajaze mapipa kama kawaida.

Barua ya likizo iandike wiki hii, kabla mizani haijaanza kukaguliwa.