Amri Zinapopita Kimya kwenye Dirisha la Msimamizi

Kwenye steshenari moja ya hapa Mwanga, Kigoma, kuna kompyuta iliyonifundisha kazi yangu upya. Mwenye duka aliniita asubuhi kwa sababu printa ilikuwa haitoi karatasi. Kila waraka uliotumwa ulisimama kwenye foleni, na vijana waliokuja kuchapisha barua za maombi ya kazi walikuwa wamejaa barazani. Tatizo hilo nalijua vizuri. Huduma ya Windows inayopanga kazi za printa, ambayo ndani ya mfumo huitwa Spooler, huuweka kila waraka kwa muda katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, na waraka mmoja ukikwama humo, ulio nyuma yake nao hukwama. Dawa yake ni kuisimamisha huduma, kufuta mafaili yaliyokwama, kisha kuiwasha tena.

Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nikachagua dirisha la msimamizi, yaani lile la kuandikia amri lenye madaraka kamili, nikaitikia lile swali la ruhusa, kisha nikaandika sc stop spooler, sc ikiwa programu ya kusimamisha na kuwasha huduma. Dirisha halikusema neno; mstari mpya ulitokea tu ukisubiri amri nyingine, nami nikachukulia kwamba huduma imesimama. Nilipokwenda kulifuta faili lililoitwa 00014.SPL nilikataliwa, kwa maelezo kwamba lilikuwa likitumiwa na programu nyingine. Nikaandika sc query spooler, amri ambayo siku zote hujibu kwa mistari kadhaa ikitaja hali ya huduma, nayo ikapita kimya. Nikaandika sc start spooler, kimya vilevile. Ajabu ni kwamba amri za mtandao, ipconfig na ping, zilijibu, na sfc /scannow ilikwenda mpaka asilimia 100 ikaripoti kwamba mafaili ya mfumo ni mazima.

Nilimwambia mwenye duka, "Mama, Windows hii imeharibika, itabidi tuiweke upya." Akaniuliza, "Sawa fundi, na kazi za watu zilizomo humo?" Swali hilo ndilo lililoniokoa. Nilikaa tena kwenye kiti, nikafungua folda ya System32 na kuipanga kwa tarehe ili nione kilichobadilika siku ile. Juu kabisa yalikuwapo mafaili matatu ambayo hayana kiambishi chochote mwishoni: stop, query na start. Nililifungua la kwanza kwa Notepad nikakuta neno moja tu, spooler. La pili, spooler. La tatu, spooler.

Amri zangu zilikuwa zimetekelezwa zote tatu, ila na mfasiri, yaani programu inayosoma amri na kuzitekeleza, nisiyemkusudia. Windows ina wafasiri wawili wa amri, CMD wa zamani na PowerShell, na tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017 lenye namba 1703, menyu ile ya Windows na X humfungua PowerShell badala ya CMD. Ndani ya Windows PowerShell 5.1, ambayo ndiyo huja na Windows yenyewe, herufi sc ni kifupi cha Set-Content, yaani "andika maneno haya ndani ya faili". Kwa hiyo niliposema sc stop spooler nilikuwa nimeagiza neno spooler liandikwe kwenye faili liitwalo stop. Kwa kuwa nilikuwa na madaraka ya msimamizi na nimesimama ndani ya System32, hakuna kilichonizuia. Ipconfig, ping na sfc zilitii kwa sababu hizo ni programu zinazojitegemea, na mfasiri yeyote huziita vilevile.

Hiyo ndiyo sababu ninayoiweka mbele ya nyingine zote mtu anaponiambia kwamba dirisha lake la msimamizi linachagua amri za kutii. Tazama mwanzo wa mstari. Ukiona herufi PS kabla ya C:\, uko kwa PowerShell. Humo, where ping haitoi jibu lolote, kwa kuwa where ni kifupi cha amri ya kuchuja vitu; set JINA=Ujiji hupita bila kuweka kitu unachokitaka; na echo %path% hukurudishia maneno yaleyale uliyoandika. Andika cmd kisha Enter, nawe utahamia kwa mfasiri wa zamani ndani ya dirisha lilelile, ukiwa na madaraka yaleyale. Ukipenda kubaki ulipo, taja programu kwa jina lake kamili: sc.exe, where.exe. Kuanzia PowerShell 6 kifupi hicho cha sc kiliondolewa, lakini kompyuta nyingi ninazozishika mjini hapa bado zina ile 5.1 pekee.

Baada ya hapo niliandika sc.exe stop spooler, nikafuta yaliyokwama, nikaandika sc.exe start spooler, na karatasi zikaanza kutoka.

Jambo la pili ambalo limewasumbua wengi niliowasaidia ni kuhama diski. Ndani ya CMD, ukiwa C: kisha ukaandika cd E:\picha, hutaona kosa lolote, lakini pia hutahama. CMD huikumbuka folda ya kila diski peke yake, kwa hiyo amri hiyo hubadilisha folda inayokumbukwa ya diski E bila kukutoa kwenye diski C. Ili uhame kweli ni lazima uandike cd /d E:\picha, au uandike E: peke yake kisha Enter. Kwenye dirisha la kawaida hasara yake ni ndogo, lakini dirisha la msimamizi huanzia ndani ya C:\Windows\System32. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa akisafisha flashi ya mteja mmoja wa Ujiji. Aliandika cd E:\picha, akaona kimya, akaanza kuandika del *.*, amri ya kufuta kila faili lililo kwenye folda, huku macho yake yakiwa kwenye kibodi. Niliuzuia mkono wake kabla hajabonyeza Enter. Mstari ulikuwa bado unasema C:\Windows\System32. Mafaili mengi ya mfumo yana ulinzi wake hata dhidi ya msimamizi, lakini si yote, na yale yanayofutika yanatosha kumwachia mteja kompyuta isiyowaka. Tangu siku hiyo nimemtaka ausome mwanzo wa mstari kwa sauti kabla ya amri yoyote yenye del, rd au format.

Diski za mtandao nazo zina namna yake ya kupotea. Niliitwa kwenye duka la jumla karibu na bandari, ambako kompyuta ya kaunta hufungua vitabu vya hesabu vilivyo kwenye kompyuta ya ofisini kupitia diski Z. Kwenye dirisha la kawaida Z ilifunguka. Kwenye dirisha la msimamizi, mtumiaji yuleyule na kompyuta ileile, Windows ilisema diski hiyo haipo. Asili yake ni utaratibu wa ruhusa ulioanza na Windows Vista: mtu mwenye madaraka ya msimamizi anapoingia kwenye kompyuta hupewa vibali viwili, kimoja kilichopunguzwa nguvu kwa kazi za kila siku na kimoja kamili kinachotumika pale anapoitikia lile swali la ruhusa. Kila kibali kina kikao chake, na herufi za diski za mtandao huandikwa kwa kikao. Z iliunganishwa katika kikao cha kwanza, kwa hiyo kikao cha pili hakiijui.

Kuna thamani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) iitwayo EnableLinkedConnections inayoviunganisha vikao hivyo viwili, nayo huwekwa 1 chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, kisha kompyuta huwashwa upya. Mimi siipendi kwa kompyuta za wateja, kwa sababu inabaki imefunguliwa daima kwa ajili ya kazi ya dakika tano, na programu mbaya itakayopata kibali kamili itazikuta diski za mtandao zimekwisha kuunganishwa. Ni heri kuiunganisha Z upya ndani ya dirisha lenyewe kwa net use, au kuitaja njia nzima ya mtandao, kwa mfano dir \\OFISI\hesabu.

Ipo pia hali, ukiwa umetoka ndani ya System32, ambayo si kimya, bali jibu la kukatisha tamaa kwamba ipconfig "is not recognized as an internal or external command". Hapo tenganisha kwanza amri za ndani na za nje. Dir, cd, copy, del, set na echo zimo ndani ya CMD yenyewe, kwa hiyo hazipotei; ipconfig, ping, chkdsk na sfc ni mafaili yaliyo kwenye diski, na CMD huyatafuta kwa kufuata orodha ya folda iitwayo Path. Kama za ndani zinafanya kazi na za nje zimegoma, orodha hiyo imevurugwa. Thibitisha kwa kuita C:\Windows\System32\ipconfig.exe kwa njia yake nzima. Ikijibu, programu ipo salama na kilichoharibika ni orodha peke yake.

Katika kompyuta nilizokutana nazo, mvurugaji mkubwa wa Path ni amri ya setx, ambayo huhifadhi orodha kama hiyo daima. Maelekezo mengi ya kusakinisha programu humwambia mtu afungue dirisha la msimamizi na kuandika setx /M PATH "%PATH%;" ikifuatwa na folda mpya. Setx hukata maneno yote yanayozidi herufi 1024, na ukiwa na orodha ndefu hupoteza mkia wake moja kwa moja. Zaidi ya hayo, %PATH% ndani ya dirisha ni mchanganyiko wa orodha ya mfumo na ya mtumiaji, hivyo unaishia kuyaandika ya mtumiaji ndani ya ya mfumo. Ninawasihi wenzangu mafundi: Path ihaririwe kwenye dirisha la vigeu vya mazingira, ambako kila folda ina mstari wake, nanyi muinakili kwanza orodha ya zamani kwenye faili la maandishi. Kwa kurudisha uhai, kilicho lazima kuwamo ni %SystemRoot%\system32, %SystemRoot%, %SystemRoot%\System32\Wbem na folda ya v1.0 ya WindowsPowerShell iliyo ndani ya System32. Ukishahifadhi, funga dirisha la amri na ufungue jipya, kwa kuwa lililo wazi linashikilia orodha ya zamani mpaka lifungwe.

CMD pia hutazama folda uliyosimama kabla ya kuifuata Path. Niliwahi kukuta kompyuta ambayo ping ilizunguka bila kikomo ikiandika mstari uleule, na sababu yake ilikuwa faili la ping.bat ambalo mwenyewe alikuwa ameliandika ili apime mtandao wake. Kila faili hilo lilipoita ping lilijiita lenyewe. Where ping ilinionyesha yote mawili, la kwake likiwa juu. Tukalipa jina jingine.

Kama kompyuta imewahi kupata virusi, angalia pia thamani iitwayo AutoRun katika Software\Microsoft\Command Processor, upande wa mashine na upande wa mtumiaji. Kilichoandikwa hapo huendeshwa kila CMD inapofunguka, na kinaweza kuzibadilisha amri kwa doskey, programu ya kulipa jina la amri maana nyingine, kabla hujagusa kibodi. Kulinganisha ni rahisi: andika start cmd /d, ambayo humfungua mfasiri katika dirisha jipya bila AutoRun, kisha uijaribu tena amri iliyogoma.

Dirisha likiganda kabisa, soma kichwa chake kabla ya kulifunga. Neno Select likitangulia, umelibofya kwa panya na limesimama kungoja unakili maneno, Esc hulirudisha. Na ukiombwa nenosiri la akaunti nyingine ya msimamizi badala ya ndiyo au hapana, ujue kwamba dirisha litakalofunguka ni la mtu yule mwingine: folda zake, Path yake ya mtumiaji na mipangilio yake. Whoami itakutajia jina lake. Nimeona fundi akirekebisha mipangilio ya mtumiaji kwa nusu saa nzima, kila amri ikikubali, na mteja asione mabadiliko yoyote kwa sababu yote yaliandikwa upande wa akaunti ya fundi.

Kule Mwanga nilirudi jioni, baada ya wateja kupungua, kwa sababu nilikuwa nimeyaacha yale mafaili matatu. Nilifungua CMD ya msimamizi, nikahakikisha mstari unaanza na C:\Windows\System32 bila PS, nikaandika type stop ili nione kwa macho yangu kwamba ndani yake ni neno spooler na si kitu kingine, kisha nikafanya vivyo hivyo kwa query na start. Niliyafuta moja moja kwa majina yake, bila kinyota. Mwenye duka aliniuliza nilikuwa nafuta nini, nikamwonyesha faili la mwisho kabla sijaliondoa, nikamweleza kwamba hizo ndizo zile amri nilizomwambia asubuhi kuwa mashine yake inazikataa.