Maswali ya Wasomaji: Mbunge Ameuliza, Waziri Amejibu, Maji Bado Hakuna

Mbunge wetu amesimama bungeni mara mbili kuuliza ni lini kijiji chetu kitapata maji. Mara zote mbili Naibu Waziri amejibu kuwa Serikali itatekeleza "fedha zikipatikana". Je, kosa ni la mbunge, la waziri, au letu? (Msomaji, mkoani Singida)

Kosa mara nyingi limo ndani ya swali lenyewe. "Je, ni lini Serikali itapeleka maji katika Kijiji fulani?" ni swali linalomruhusu waziri kujibu bila kutaja kitu. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Madaraka hayo ni mapana, lakini jibu haliwezi kuwa na undani kuliko swali.

Swali la msingi hupelekwa mapema, kisha wataalamu wa wizara huandaa jibu. Kwa maji ya vijijini taarifa hutoka kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, naye huandika hatua ambayo mradi umefikia. Hatua ni nyingi: kutafuta maji chini ya ardhi, kuchimba, kupima wingi na ubora wa maji, usanifu, tangi, pampu, bomba, vituo vya kuchotea. Kila hatua ina fedha yake. Kisima kilichochimbwa na kufunikwa kinaweza kusomwa bungeni kama mafanikio, na taarifa ikawa ya kweli, huku akina mama wakiendelea kuchota kwenye makorongo.

Kwa hiyo mpeni mbunge namba. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Kijiji cha watu 3,000 kwa kipimo hicho kinahitaji vituo 12 na lita 75,000 kwa siku. Kama kisima chenu kinatoa lita 4,000 kwa saa na pampu ya sola inasukuma kwa saa 6 za jua kali, mnapata lita 24,000. Hapo pungufu ni lita 51,000 kila siku, na hesabu hiyo haijibiki kwa "tunaendelea kuboresha huduma". Mwenye takwimu za kisima ni fundi au chombo cha watumia maji, basi muombeni karatasi ya vipimo na mtoe nakala.

Swali lenye meno husomeka hivi: "Kisima cha kijiji hiki kimechimbwa lakini hakina pampu wala tangi. Je, kazi hizo zimetengewa fedha katika mwaka huu wa fedha, kwa mradi upi, na mkandarasi anapaswa kukabidhi lini?"

Kisha kuna maswali mawili ya nyongeza, na hapa ndipo wabunge wengi hupoteza nafasi. Mmoja huliacha jambo lake akaruka kwenye barabara ya kata nyingine. Mwingine humuuliza waziri kama yuko tayari kuongozana naye jimboni baada ya Bunge. Waziri husema yuko tayari, meza hupigwa, na swali limekwisha. Mbunge aliyejiandaa husikiliza neno moja tu katika jibu: *zimetengwa* au *zimetolewa*. Fedha iliyotengwa ipo kwenye kitabu, iliyotolewa imefika kwenye akaunti. Waziri akisema zimetengwa, nyongeza ya kwanza iwe: hadi leo kimetolewa kiasi gani? Akisema upembuzi yakinifu unaendelea: unafanywa na nani, na ripoti inakabidhiwa mwezi gani?

Tumejenga boma la zahanati kwa nguvu zetu, limefika kwenye lenta, sasa miaka inapita. Mbunge aelekeze swali wizara gani? (Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mkoani Katavi)

TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri viko chini yake. Wizara ya Afya inasimamia sera na hospitali za rufaa. Mtego kama huo upo kwenye barabara: inayohudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni ya TAMISEMI; inayohudumiwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ni ya Wizara ya Ujenzi. Ukikosea mlango unaambiwa jambo hilo si la wizara hii, na mkutano wa Bunge umepita.

Kabla ya swali, pateni mambo matatu: makadirio ya kumalizia yaliyosainiwa na mhandisi wa halmashauri, muhtasari wa kijiji unaoonyesha kuwa eneo ni la zahanati, na michango ya wananchi mpaka sasa, fedha na nguvu kazi. Waziri akiulizwa kuhusu boma lisilo na makadirio, hana cha kufanya ila kumwagiza Mkurugenzi wa halmashauri afanye tathmini, nanyi mnarudi mwanzo.

Msisahau watumishi. Paa likishaezekwa, jengo bila tabibu na muuguzi hubaki na kufuli. Ajira zina vibali vyake na bajeti yake, kwa hiyo ni busara nyongeza moja iulize jambo hilo wakati ujenzi bado unaendelea. Jengo jipya lililofungwa ni uchungu mkubwa kwa watu waliobeba mchanga kichwani.

Serikali inasema kijiji chetu kina umeme, lakini kitongoji chetu hakina hata nguzo. Nani anadanganya? (Msomaji, mkoani Tabora)

Huenda hakuna anayedanganya. Hesabu ya umeme kufika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara ilikuwa ya vijiji, si ya vitongoji, na kijiji kilihesabiwa laini ikishafika. Vitongoji ni zaidi ya 64,000. Mbunge aulize kwa jina la kitongoji: kimo kwenye wigo wa mkandarasi wa REA, wakala wa umeme vijijini, au hakimo? Kama hakimo, kimepangwa mradi upi?

Mimi ni wa Kitui, Kenya. Mbona zahanati yetu haipati jibu Nairobi? (Msomaji)

Kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti vituo vya afya vya kaunti, barabara za kaunti na huduma za maji. Mawaziri huko si wabunge, ingawa tangu 2023 huitwa kujibu maswali mbele ya Bunge zima. Suala la zahanati mpelekee mwakilishi wa wadi wako, alifikishe kwenye bunge la kaunti.

Jibu likishatolewa, sisi wananchi tunalifuatiliaje? (Mwenyekiti wa kijiji, mkoani Lindi)

Kwanza lipateni kwa maandishi. Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, nayo huonyesha neno kwa neno waziri alichosema. Chapisheni ukurasa huo, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, uingie kwenye muhtasari.

Pili, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inaacha mapendekezo ya fedha mikononi mwa Serikali, kwa hiyo mbunge hawezi kuingiza mradi wenu kwa nguvu zake mwezi Juni. Lazima mradi uwe umepita Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo, naye anaweza kumbana Mkurugenzi pale pale bila kusubiri Dodoma.

Tatu, ahadi isipotimia, kuna silaha ya bajeti. Wizara inapopitishiwa makadirio, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia mshahara huo usipitishwe, hadi apate maelezo ya kuridhisha. Wenzake wakimuunga mkono hoja hujadiliwa, waziri hueleza, na mbunge huachia shilingi au suala huamuliwa kwa kura. Anayeshika shilingi akiwa na ukurasa wa Hansadi wa mwaka jana, wenye tarehe ya ahadi, humnyima waziri nafasi ya kueleza upya. Mpelekeeni mbunge wenu nakala hiyo mwezi Machi, kabla hajapanda gari la Dodoma.